Shingo Niliyoipima Kila Asubuhi

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nilipima shingo yangu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Mimi ni fundi wa nguo hapa Silibwet, karibu na Bomet mjini. Tepu hukaa mabegani mwangu kutwa nzima, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa kuniona nimeishika. Nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha wateja, nazungusha tepu chini ya koo, naivuta mpaka ikae sawasawa, nasoma, kisha naandika kwenye daftari. Halafu naivua na kupima tena, kwa sababu mimi siamini kipimo cha mara moja. Vipimo viwili vikitofautiana, napima cha tatu.

Nilichokuwa nakitafuta ni saratani. Naandika neno hilo wazi kwa sababu wakati ule sikuliandika popote. Juu ya kurasa za daftari niliandika tu "Shingo".

Nilipokuwa na miaka sita nilipata saratani ya tezi za limfu, na tezi zilizovimba zilikuwa za shingoni. Tuliishi katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba moja la chai upande wa Kericho. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma chai kabla sijazaliwa. Baba alifariki nikiwa bado mgongoni, kwa hivyo ni mama aliyenipeleka Nairobi. Nilitiwa dawa za mshipa kwa miezi mingi, kisha nikapelekwa kwa mashine ya mionzi. Walinitengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu, wakanivika usoni mpaka mabegani, wakakibana kwenye meza nisiweze kugeuka. Kisha kila mtu alitoka, hata mama, na mlango mzito ukafungwa. Mashine ililia kidogo. Haikuuma. Baadaye ngozi ya shingo ilikuwa nyeusi na kubambuka, lakini pale mezani sikusikia kitu, na hilo watu wa kambi hawakuliamini kamwe.

Wao matibabu hayo waliyaita kuchomwa. Nilikuwa "yule mtoto aliyechomwa Nairobi". Niliporudi, watoto wa laini yetu ya nyumba walikuwa na mchezo wa kunikimbia.

"Msimguse, atawapiga stima!"

Mama mmoja jirani alimzuia binti yake kulala nasi, akimwambia mama yangu kwa heshima kabisa kwamba pengine joto bado halijanitoka mwilini. Mama hakubishana naye. Nilipopona, tukaacha kabisa kuzungumza juu ya jambo hilo, na nilipokua nikahamia Silibwet, mahali ambapo hakuna aliyenijua. Hapa nilikuwa fundi tu. Nilipenda sana kuwa fundi tu.

Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo za mitumba na kuzishona upya mpaka nikaelewa kwa nini kila kipande kimekatwa vile. Mengine yote pia nimejifunza hivyo, kwa simu na kwa ukaidi. Kosa dogo kwenye kazi yangu hunikosesha usingizi. Nimewahi kufumua mikono ya blauzi ambayo mwenyewe alikuwa ameshaivaa kanisani na kuifurahia.

Nikiwa na miaka ishirini na minne, siku moja dukani, nilitafuta kwenye simu jina la ugonjwa wangu wa utotoni. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilisoma kwamba mionzi inayopita kwenye shingo ya mtoto inaweza kuleta saratani nyingine miaka mingi baadaye, miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Huota kwenye tezi ndogo iliyo chini ya koo, ambayo madaktari huiita thairoidi. Tezi ya mtoto bado inakua, ndiyo maana inadhurika kwa urahisi. Mtu kama huyo anafaa kuchunguzwa kila mwaka, maisha yake yote, hata kama hasikii lolote. Nilisoma aya hiyo nimesimama, pasi ikiwa katika mkono wa pili, na nikaunguza suruali ya mwalimu.

Niliweka simu chini, nikajishika koo. Upande wa kushoto kulikuwa na kitu kama punje ya haragwe. Nilipomeza mate, kilipanda, kikashuka.

Nilienda kliniki ya hapa karibu wiki hiyo hiyo, na kile nilichofanya huko ndicho kinachonifanya niandike haya. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mteja wangu. Sare aliyovaa nilikuwa nimemshonea mimi.

"Fundi, leo ni wewe unapimwa," akasema, akacheka. Akanishika shingo. "Meza mate. Mm. Uliwahi kulazwa? Ugonjwa wowote mkubwa utotoni?"

"Hapana."

"Hata malaria?"

"Malaria tu."

Hakuna aliyenilazimisha. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili. Niliangalia ile mishono ya kola yake, jinsi ilivyonyooka, na nikaona kwamba nikisema ndiyo, kufikia jioni soko zima litajua nilichomwa. Akaniambia ni rovu, uvimbe wa koo wa kukosa aidini, watu wengi wa milimani wanalo, hata nyanya yake alizikwa nalo.

"Tumia chumvi ya pakiti yenye aidini. Na usionje ile ya ng'ombe."

"Mimi sina ng'ombe."

"Basi umepona nusu. Rudi baada ya miezi mitatu, kama halijashuka tukutume Bomet ukapigwe picha."

Sikurudi. Nilijiambia kwamba sitaenda kwa daktari mkubwa mikono mitupu, kama mtu asiyejua kitu. Nitaenda na rekodi. Nikiona shingo inakua, nitakuwa na ushahidi wa kila siku, na daktari ataona kwamba huyu si mtu wa kupuuzwa. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Ukweli ni kwamba niliogopa, na kupima kulinipa kitu cha kufanya na ile hofu kila asubuhi, nikamaliza, nikafungua duka.

Siku ya kwanza ilikuwa inchi kumi na tatu na robo. Kwa miezi kadhaa ilibaki hapo. Kisha ikaanza kushuka. Robo ikawa nusu ya robo. Nilipofikisha mwaka, tepu ilisoma kumi na tatu kamili. Uvimbe bado niliusikia kwa kidole, na kuna siku nilihisi umekuwa mgumu zaidi, lakini kidole hakina namba. Nilikula chumvi ya pakiti mpaka mboga zangu zikashindwa kulika, nikaiamini tepu.

Mambo yaliharibikia kwenye mashati ya kwaya.

Kanisa moja la Londiani liliniletea kazi ya mashati kumi na manane ya wanaume. Fundi wao alikuwa amejifungua na kufunga duka, lakini kabla ya hapo alikuwa amewapima wote, kwa hivyo mwenyekiti wa kwaya aliniletea vipimo vimeandikwa kwenye karatasi. Sikumwona mwimbaji hata mmoja. Nilikata kwa kufuata karatasi, nikashona kwa wiki tatu, na kila kola nilihakiki mara mbili kabla ya kuiachilia. Nilipoyatuma mashati nilikuwa na furaha isiyo ya kawaida yangu.

Siku nne baadaye mwenyekiti alikuja mwenyewe, mama wa Kikipsigis mwenye sauti iliyozoea kuongoza wengine, amebeba mashati yote katika mfuko mkubwa.

"Chamgei, fundi."

"Mising, mama."

"Hizi kola ulishonea watu ama ng'ombe?"

"Kuna iliyokosea?"

"Iliyokosea? Zote. Mwimbaji akigeuza shingo, shati linabaki linaangalia mbele." Akanivalisha moja juu ya nguo zangu ili nione. "Wazee wa besi wanasema wamekonda bila kujua. Mmoja ameniuliza kama mke wake ndiye alikutuma."

Wateja wawili waliokuwa dukani walicheka. Nilichukua karatasi na tepu, nikapima kola mbele yake. Kumi na tano, kama ilivyoandikwa. Nyingine, kumi na tano na nusu, kama ilivyoandikwa. Kumi na nne, sawa. Nilimwonyesha kila moja.

"Basi mwenye kosa ni fundi wenu," nikasema.

"Fundi wetu ametushonea miaka tisa," akasema. Hakukasirika. Akaniachia mashati, akaniambia atarudi Jumamosi.

Duka linalofuata langu ni la seremala, mzee kutoka upande wa ziwa, anayetengeneza vitanda, meza na majeneza. Nilienda kwake kwa sababu ana rula ndefu ya chuma.

"Nyar Kisii," akasema aliponiona na tepu, maana huniita binti wa Kisii tangu siku ya kwanza. "Umekuja kupimwa sanduku? Mbao ya saizi yako bado haijafika."

"Nataka rula yako dakika moja."

Nililaza tepu juu ya chuma. Nilipoanza kwenye sifuri zote zilikuwa pamoja. Kwenye inchi ya tano tepu ilikuwa imeshapita kidogo. Kwenye kumi na tatu ilikuwa imepita kwa karibu nusu inchi. Seremala aliinama, akavaa miwani.

"Hii imevutika, mama. Hii ni mzee. Unaivuta sana?"

Naivuta sana. Ni tepu ya kitambaa, imekaa mabegani mwangu miaka mitano, imenyeshewa, imepitiwa na mvuke wa pasi, na mimi huvuta tepu kwa nguvu kwa sababu sipendi kipimo kilegevu. Wateja wangu wa hapa hawakuwahi kulalamika, kwani niliwapima na kuwakatia kwa tepu ile ile, na kosa lilijifuta lenyewe. Fundi yeyote angeniambia kwamba tepu ya kitambaa hubadilishwa kila mwaka. Sikuwahi kukaa chini ya fundi yeyote.

"Wa besi wako salama," seremala akasema. "Hawajakonda."

Alitarajia nicheke. Mimi nilikuwa nafanya hesabu. Kila tepu ilivyozidi kuvutika ndivyo ilivyosoma namba ndogo. Kumi na tatu ya asubuhi ile ilikuwa karibu kumi na tatu na nusu. Shingo yangu haikuwa imepungua hata siku moja. Nilikaa kwenye benchi lake, juu ya vumbi la mbao, na aliponiuliza nina nini nikamwambia ni njaa. Akaniletea chai na mandazi mawili. Niliyala yote.

Kola nilizirekebisha, zote kumi na nane, kabla ya Jumamosi. Naliandika hili kwa aibu: nilimaliza kola kwanza, ndipo nikaenda hospitali.

Hospitali ya Bomet walinipiga picha ya shingo kwa ile mashine ya kupakwa mafuta, ile wanayopimiwa wajawazito. Daktari alikuwa mwanamke ambaye hanizidi umri kwa miaka mingi. Nilimpa daftari langu. Alifunua kurasa mbili tatu kwa upole, akalifunga.

"Umejitahidi," akasema. "Lakini hii haipimwi hivi, dada. Hata tepu ingekuwa nzima. Inaweza kukua kwa ndani na kola isijue." Kisha akaniuliza kile alichoniuliza muuguzi. "Uliwahi kutibiwa kwa mionzi?"

"Ndiyo. Nikiwa mtoto. Shingoni."

Kalamu yake ilisimama. Akaniangalia tena, safari hii kama mtu anayeanza upya. Akasema nitachomwa sindano kutoa chembe za uvimbe siku hiyo hiyo, na kwamba angependa kuona karatasi za matibabu yale, kama zipo.

Jumapili nilienda kwa mama. Bado yuko kwenye kambi ile. Siku hizi mashine ndizo zinazokata majani, naye na wanawake wachache wanafuata nyuma kuchuma yaliyosalia pembezoni mahali ambapo mashine haifiki. Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai kama siku zote.

"Mama, ile barua ya Nairobi iko wapi?"

"Barua gani?"

"Ya hospitali. Ya wakati nilichomwa."

Aliendelea kuchambua. "Wewe ni mgonjwa."

"Kuna kitu hapa shingoni."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Kitambo ni jana ama ni mwaka jana?"

Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko unavyohitajika kutafuta kitu katika chumba kimoja. Alirudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani kulikuwa na karatasi mbili, safi, hazijafifia. Kila kitu kilikuwamo: ugonjwa, dawa, kiasi cha mionzi, idadi ya siku nilizolala chini ya mashine. Mwisho kabisa kulikuwa na mstari uliopigiwa kalamu chini yake, kwamba mtoto achunguzwe tezi ya thairoidi kila mwaka.

"Hukujua kilichoandikwa hapa," nikamwambia. Nilikuwa nampa mlango wa kutokea.

"Nilijua. Sista alinieleza kwa Kiswahili kizuri, mara mbili."

"Sasa mbona?"

Akakaa. Akachukua ungo tena.

"Mwaka wa kwanza nilikupeleka. Hukumbuki. Tulikaa foleni na yule mtoto wa kitanda cha dirishani, yule mliyekuwa mnachora naye. Yeye pia alikuwa amekuja kuangaliwa tu. Alikuwa mnene, anacheka. Wakamwangalia, wakapata. Mama yake alitoka pale akiwa hawezi kusimama. Nikasema, hawa watu wakitafuta wanapata. Walikuwa wamebaki watoto watatu mbele yako. Nikakushika mkono tukapanda gari tukarudi."

"Na miaka mingine?"

"Miaka mingine ulikuwa mzima."

Nilikuwa nimekuja na hasira iliyopangwa vizuri, maneno yake nimeyarudia njia nzima kutoka Bomet. Sikuyasema. Si kwamba nilimsamehe, sijui kama nimemsamehe. Lakini aliniuliza tena tangu lini, nikamwambia mwaka na zaidi, na kwamba muuguzi aliniuliza nikamdanganya.

"Sasa wewe nani alikuambia ufanye hivyo?" akasema. "Wewe umesoma."

Alikuja nami kuchukua majibu. Alivaa gauni la kanisani nililomshonea, na kwa mara ya kwanza sikulikagua. Daktari alitukaribisha, akamsalimu mama kwanza, shikamoo, akavuta kiti chake karibu. Alisema ni saratani ya thairoidi. Alisema ni ya aina ambayo wengi hupona. Alisema pia kwamba kwenye picha, tezi mbili za limfu kando ya shingo zinaonekana kuguswa.

"Uvimbe ulianza kuusikia lini?"

"Mwaka mmoja na miezi minne," nikasema. Mama alikuwa pale kando yangu, ananisikiliza nikitaja miezi.

Daktari akaandika. Nikamuuliza, kama ningekuja wakati ule, ingekuwa imefika huku kando?

"Sijui. Labda ilikuwa imeshafika. Labda haikuwa. Singependa kukudanganya."

Ningetaka namba. Hata mbaya, ningejua pa kuiandika.

Akaeleza mpango. Tezi yote itaondolewa, pamoja na zile za kando. Kuna mshipa mwembamba wa sauti unaopita karibu, wataulinda, lakini hawezi kuniahidi. Nitameza tembe kila asubuhi maisha yangu yote. Na baada ya operesheni, nikishapona kidonda, nitaenda Nairobi kupewa dawa maalum ya aidini, ya kumeza, yenye mionzi ndani yake, ili kumaliza chembe zitakazokuwa zimebaki. Nitakaa siku chache peke yangu chumbani, mtu yeyote asinikaribie.

"Mionzi," mama akasema.

"Ndiyo, mama. Lakini hii ni tofauti, inaenda moja kwa moja kwenye tezi."

"Ile ya kwanza ndiyo ilileta hii?"

Daktari alimgeukia. "Inawezekana sana. Lakini mama, bila ile ya kwanza..."

"Bila ile angekufa. Najua. Nilikuwepo." Akainuka polepole, akashika mkoba wake. "Mwelezeni yeye. Ni mtu mzima."

Akatoka. Nilibaki, nikauliza maswali yote niliyokuwa nimeandika, na mengine ambayo sikuwa nimeandika. Mengi yalijibiwa kwa labda. Kisha nikasoma fomu ya operesheni, mstari kwa mstari, nikairudia, na daktari akanisubiri bila kuangalia saa. Nikatia sahihi.

Mama alikuwa kwenye benchi la varanda, mikono imelala mapajani.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Hata hiyo ya Nairobi?"

"Hata hiyo."

Alitikisa kichwa kidogo. "Mimi pia nilikubali," akasema. Nilikaa kando yake, tukangoja niitwe kutoa damu.